Heshima ya Fundi Hutoka Wapi?

 Ningependa tuzungumze kidogo juu ya jambo ambalo halimo katika vitabu vyetu vya darasani, ingawa tunaliona kila siku tukija shule na tukirudi nyumbani. Jambo lenyewe ni hili: mtu huitwa fundi na nani?

Daktari tunajua. Husoma miaka mingi, akafanya mazoezi hospitalini chini ya wakubwa wake, kisha jina lake likaandikwa katika orodha ya baraza la madaktari. Bila kuandikwa huko haruhusiwi kumtibu hata paka wa jirani. Wakili naye husoma sheria chuo kikuu, akaenda chuo cha mafunzo ya mawakili, akakaa chini ya wakili mwenye uzoefu, halafu huapishwa mbele ya Jaji Mkuu. Watu hawa wawili wakifungua ofisi leo, mteja wa kwanza huingia akiwa tayari anawaamini, kwa sababu kuna wakubwa waliokwisha kuwapima kwa niaba yake.

Je, fundi cherehani? Fundi wa majiko? Yule anayeshona viatu pale stendi? Huyo ameapishwa na nani? Wenzangu wengi nikiwauliza hunijibu haraka, "Aah, hao ni watu wa jua kali bwana, hawana cheti." Mimi naona jibu hilo halitoshi. Kama hawana aliyewapima, mbona mama zetu hupita vibanda vitano wakaenda kwa fundi wa sita, na humpa pesa kabla hajafanya kazi? Lazima kuna kipimo. Katika makala haya nitajaribu kueleza kipimo hicho ni kipi, na pia nieleze ni wapi kinaposhindwa kumsaidia fundi.

Kwanza tuanze na hilo jina, jua kali. Mimi ni mkazi wa Eastlands hapa Nairobi, na mara nyingi mimi hupitia Kamukunji. Ukikaribia tu utasikia nyundo. Hapo hutengenezwa majiko, makarai, sufuria kubwa za sherehe, toroli, na yale masanduku ya bati ambayo wenzetu wa shule za bweni huendea nayo shuleni. (Sisi wa kutwa sanduku letu ni mfuko wa mgongoni, lakini tusikasirike.) Mafundi hawa zamani walifanya kazi bila paa, juani kabisa, ndipo wakaitwa jua kali. Jina lilianza kama la kuwadharau kidogo, sasa wao wenyewe hulitaja kwa maringo.

Mwaka wa 1972 Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilitoa ripoti kuhusu ajira nchini Kenya. Ripoti hiyo ilisema kwamba watu hawa waliokuwa wakifukuzwa mitaani na askari hawakuwa wavivu wala wahalifu, bali walikuwa wakifanya kazi ya maana na kujipatia riziki. Mwaka wa 1985 Rais Daniel arap Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji na kuahidi wajengewe vibanda vya kuwakinga na jua. Mwaka wa 1992 serikali ilitoa waraka maalum bungeni juu ya biashara ndogo na jua kali, na mwaka wa 2012 ikapitishwa sheria ya biashara ndogo na ndogo zaidi. Ukihesabu, kutoka ripoti ile mpaka sheria ni miaka 40. Katika miaka hiyo yote fundi hakungoja. Aliendelea kugonga bati, na watu waliendelea kununua. Kwa hivyo waliomtambua mwanzo kabisa ni wateja, serikali ikafuata nyuma.

Sasa tuje kwenye kipimo chenyewe. Nitatumia mfano wa shangazi yangu, kwa kuwa yeye ndiye fundi ninayemjua kwa karibu. Ana kibanda kimoja mtaani kwetu na cherehani mbili, moja ya kukanyaga kwa miguu na nyingine ya umeme. Mimi humsaidia Jumamosi na wakati wa likizo kutoboa matundu ya vifungo, kupiga pasi na kuandika vipimo vya wateja kwenye daftari.

Jambo la kwanza ambalo nimelielewa hapo kibandani ni kwamba kazi ya fundi ina upande ambao mteja haoni. Chukua sare ya mtoto wa shule ya msingi. Mzazi huona rangi, huona urefu, huona vifungo. Haoni ndani ya mshono. Fundi mjanja anaweza kukata kitambaa kwa kubana, akaacha ukingo mwembamba sana ndani, na hapo akaokoa kitambaa cha kutosha kushonea kaptura nyingine ya kuuza. Siku ya kuchukua nguo mzazi atafurahi. Baada ya kufua mara nne au tano, mshono utaanza kufumuka, na hapo hakuna cha kushonea tena kwa sababu ukingo umekwisha.

Shangazi yeye huacha ukingo wa kutosha, na kwenye gauni la sare huacha pindo la inchi tatu chini. Mtoto akirefuka, mama yake hulirudisha gauni, pindo linafunguliwa inchi moja, mwaka ujao inchi nyingine. Kazi hiyo ya kufungua pindo haitozi pesa. Nilimwuliza siku moja, "Shangazi, si unapoteza? Huyu angenunua gauni jipya." Akanijibu, "Mwanangu, gauni jipya atalinunua tu, maana ana watoto watatu. La muhimu ni aje kulinunua hapa." Hapo ndipo nilipoona kwamba ile inchi tatu ya kitambaa iliyofichwa ndani ndiyo cheti chake. Hakuna anayeiona siku ya kwanza, ila baada ya miaka miwili mtaa mzima unajua.

Mfano mwingine ulioonekana na nchi nzima ni wa barakoa. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020, na mwezi uliofuata ikawa lazima kuvaa barakoa mahali pa watu wengi. Za hospitali hazikutosha na bei ilipanda. Mafundi cherehani ndio waliookoa jahazi. Kule Kitui, kiwanda cha nguo cha kaunti kiligeuza mashine zake kushona barakoa, na huku mitaani kila mwenye cherehani alishona. Nilikuwa mdogo wakati huo lakini nakumbuka vizuri. Barakoa ya safu moja ya kitambaa na ya safu tatu zikianikwa kwenye kamba hufanana kabisa. Tofauti imo ndani. Ya safu moja ilikuwa rahisi na ya haraka, na mtu angeweza kushona mara mbili ya zile nyingine kwa siku. Fundi aliyeshona safu tatu alijua kwamba hakuna atakayempongeza. Ila mteja aliyeiweka mwangani, akaona mwanga haupenyi, alirudi na jamaa zake wote.

Kwa hivyo kipimo cha kwanza ni kufanya vizuri ile sehemu isiyoonekana.

Kipimo cha pili ni ahadi. Ndugu msomaji, ukitaka kujua sifa mbaya ya mafundi, uliza mtu yeyote maana ya "njoo kesho." Fundi hupokea pesa ya kwanza, yaani arbuni, akanunua kitambaa au bati, kisha kesho inazaa kesho. Si kwamba mafundi wote ni waongo. Nimeona jinsi jambo hili linavyotokea. Fundi hana akiba, kwa hivyo arbuni ya mteja wa leo humaliza kazi ya mteja wa jana, na ili apate ya kumaliza ya leo hana budi kupokea kazi nyingine ambayo hana nafasi ya kuifanya. Deni linazunguka hivyo hivyo. Dawa yake ni ngumu lakini ni moja: kukataa kazi. Mwezi wa Disemba, wateja wakijaa, shangazi huhesabu siku kwenye daftari na zikijaa humwambia mtu, "Mama, siwezi kumaliza kabla ya Krismasi, nenda kwa fulani pale kona, yeye ana nafasi." Mara ya kwanza niliona kama ni wazimu kumfukuza mteja. Baadaye nikaona kwamba wale aliowaelekeza kwingine ndio hao Januari wanaomletea sare, kwa sababu wanajua akisema Ijumaa ni Ijumaa.

Kipimo cha tatu ni kurekebisha. Hakuna fundi asiyeharibu kitu. Cherehani hukwama, pasi hupita moto, nambari huandikwa 34 ikasomwa 31. Tofauti ya mafundi huonekana hapo. Mmoja atasema mteja amenenepa, na mwingine atasema, "Acha nguo, njoo kesho kutwa, hutalipa kitu." Hasara ni ya fundi siku hiyo, lakini habari yake husafiri. Waswahili husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi naongeza kwamba hata kibaya kikirekebishwa vizuri hujiuza pia.

Nisije nikaonekana nasifu cherehani tu, nataka tutazame jiko. Lile jiko la makaa lenye kiuno chembamba katikati na udongo uliochomwa ndani, ambalo liko karibu katika kila jikoni hapa mjini, lilianza kutengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wazo la kuweka udongo ndani ya bati lilitoka Thailand, ambako kulikuwa na jiko la namna ya ndoo. Mafundi wa bati wa hapa, hasa wa Shauri Moyo, na wafinyanzi wa udongo walifundishwa kulitengeneza kwa vyuma chakavu. Faida yake ni kwamba udongo hushika joto lisipotee ubavuni, kwa hivyo mama hutumia makaa machache kuliko kwenye jiko la bati tupu. Wanaopima husema huokoa kama theluthi moja hadi nusu.

Lakini halikupendwa mara moja tu. Majiko ya kwanza yalikuwa na kasoro, na udongo wake ulipasuka upesi. Waliogundua kasoro hizo ni akina mama waliolitumia kupikia ugali na githeri, wakalirudisha na kusema, "Hili limepasuka, hili linapinduka ukisonga." Umbo likabadilishwa. Udongo ukawekwa nusu ya juu tu penye moto, na chini pakapanuliwa ili lisimame imara. Baadaye, lilipoanza kupendwa, wakajitokeza wengine waliotengeneza kwa udongo usiochomwa vizuri ili wauze rahisi. Kwa macho huwezi kulitambua. Kwa hivyo wanunuzi wakajifunza kuuliza jiko limetoka kwa fundi gani, na fundi mwenye sifa akauza hata kama bei yake iko juu kidogo. Kutoka hapo jiko hilo limevuka mipaka mpaka nchi jirani kama Uganda na Tanzania. Ninachotaka msomaji ukione ni kwamba mteja hakuwa mnunuzi tu. Malalamiko yake yalikuwa shule ya fundi. Fundi aliyekasirika akilalamikiwa alibaki na jiko linalopasuka.

Sasa nije kwenye kazi ya jamii, maana wengi hufikiri jambo hili ni sadaka tu. Mtaani kwetu kuna chama cha mafundi. Kila mwezi huchanga, na mwenzao akifiwa au cherehani yake ikiibwa humsaidia. Wao ndio hutengeneza madawati ya shule ya msingi yanapovunjika, na mwenye kazi ya mbao akikosa misumari, mwenye duka la vyuma hutoa. Mwaka wa 2024, mwezi wa Aprili na Mei, mnajua mafuriko yalivyopiga Nairobi. Kule Mathare na Mukuru maji yaliingia nyumbani usiku, watu wakatoka na nguo walizovaa tu. Kufunguliwa kwa shule kulisogezwa mbele mpaka tarehe 13 Mei. Tatizo likawa kwamba siku hiyo ikifika kuna watoto ambao hawana sare. Chama kilinunua vitambaa, na mafundi watano wakagawana watoto. Shangazi alipata kumi na mmoja. Alishona usiku baada ya kazi za wateja, na mimi nilipiga pasi mpaka mikono ikauma.

Hakuna aliyewalipa. Lakini tazama kilichofuata. Wazazi wa watoto wale hawakuwa wakimjua shangazi kabla ya hapo. Walipopata tena pahali pa kukaa na kazi kidogo, walikuja wenyewe. Na si wao tu. Mwalimu wa watoto hao aliona sare zimeshonwa sawasawa, ukingo wa kutosha na pindo refu, ingawa zilikuwa za bure. Hiyo ndiyo siri ya kazi ya jamii. Mtu akikulipa na ukafanya vizuri, watu watasema unafuata pesa. Asipokulipa na bado ukafanya vizuri, watajua hiyo ndiyo tabia yako. Ndiyo sababu sadaka ya kulipua haina faida. Kuna watu hugawa vitu hafifu mbele ya kamera, na wanaopokea hupiga makofi, lakini moyoni wamekwisha kumpima mtu.

Hata hivyo kuna mpaka, na mpaka huu nao ni vizuri tuuseme. Wako wateja wanaotumia ujirani vibaya. "Wewe si wetu? Nishonee tu, nitakulipa nikipata." Wengine ni jamaa kabisa. Fundi akikubali kila mmoja, kibanda kitafungwa na hatamsaidia mtu yeyote tena. Shangazi ana kanuni yake: kazi ya bure huichagua mwenyewe na huifanya pamoja na chama, na kazi ya mkopo huiandika kwenye daftari na mteja hutia sahihi, hata awe nani. Mjomba wangu ana sahihi tatu humo, na moja bado hajailipa.

Mpaka hapa mtu anaweza kusema, basi kama kazi nzuri inatosha, cheti cha nini? Hapa ndipo pana uchungu, na ndipo hasa nilipotaka kufika.

Mwaka juzi kuna shule moja ya kibinafsi iliyotaka sare za madarasa mawili. Mmoja wa walimu wake ni mteja wa shangazi, akampeleka kwa wakubwa wake na sampuli mkononi. Sampuli ikapendwa sana. Kisha akaulizwa maswali matatu: biashara yako imesajiliwa? Una karatasi za ushuru? Una cheti cha kazi yenyewe? La kwanza na la pili alikuwa katikati ya kulishughulikia. La tatu hakuwa nalo kabisa. Kazi hiyo alipewa mfanyabiashara mwingine aliyekuwa na karatasi zote, zimepangwa vizuri kwenye faili. Sasa sikilizeni maajabu. Mfanyabiashara huyo hakuwa na hata cherehani moja. Wiki mbili baadaye alikuja mtaani kwetu na marobota ya kitambaa akitafuta mafundi wa kumshonea, akamfikia shangazi. Akampa bei ya kila nguo ambayo haikufika hata nusu ya ile shule ilikuwa inalipa. Shangazi alishona, kwa sababu ada ya binamu yangu ilikuwa inangoja. Zile sare ni kazi ya mkono wake, ila jina lililoandikwa kwenye risiti ni la mtu mwingine.

Nilikasirika sana. Lakini nikifikiri kwa utulivu naelewa kwa nini shule iliuliza vile. Wakubwa wale hawaishi mtaani kwetu. Hawakuona pindo linafunguliwa bure wala sare za mafuriko. Sifa ya fundi hutembea kwa mdomo, na mdomo una umbali wake. Ukivuka mtaa wa tatu au wa nne, hakuna anayekujua. Hapo ndipo karatasi hufanya kazi. Jirani hahitaji kuisoma, lakini mgeni hana kitu kingine cha kushika.

Habari njema ni kwamba Kenya ina njia ya kumpatia fundi karatasi hiyo bila kumrudisha darasani miaka minne. Kuna mtihani wa serikali wa ufundi ambao umekuwepo kwa miaka mingi, na siku hizi unasimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, inayojulikana kama NITA. Una ngazi tatu. Mtu huanza ngazi ya III, akapanda ya II, kisha ya I ambayo ndiyo ya juu. Mtihani wenyewe una sehemu ya mikono, ambapo unapewa kazi uifanye ukitazamwa, na sehemu ya maswali. Aidha, kuanzia mwaka wa 2014 kuna sheria ya mfumo wa kitaifa wa vyeti, na chini yake umewekwa utaratibu wa kutambua ujuzi ambao mtu aliupata kazini, apimwe kwa kile anachoweza kufanya. Na kuna faida nyingine: tangu mwaka wa 2013 serikali ilitenga asilimia 30 ya zabuni zake kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Fundi wa kike aliyesajiliwa na mwenye karatasi anaweza kuomba kazi hizo. Asiye nazo atabaki kumshonea mwenye faili.

Baada ya mambo ya ile shule shangazi aliamua kujiandikisha. Baba yangu, ambaye ni ndugu yake mkubwa, alifurahi na kusema, "Nilikuambia zamani, karatasi kwanza." Shangazi akamjibu, "Kaka, karatasi kwanza ningemwonyesha nani? Wateja wangu walitaka nguo." Walibishana mpaka chai ikapoa. Mimi sikutia mdomo, lakini nilikuwa upande wa wote wawili.

Kazi yangu ilikuwa kumsaidia kujiandaa kwa maswali, na hapo niliona jambo la ajabu. Shangazi anajua kila kitu kwa mkono, ila hajui kukitaja. Ukimwuliza kwa nini uzi wa chini unajikunja, atafungua cherehani, ageuze kijiskrubu kidogo na tatizo limekwisha. Ukimwambia eleza kwa maneno, atanyamaza. Kwa jioni nyingi tulikaa na daftari. Yeye alifanya, mimi niliandika alichofanya, kisha tukakipa jina. Tuliandika aina za vitambaa na joto la pasi la kila kimoja, sehemu za cherehani, namna ya kukadiria mita za kitambaa, na usalama kazini. Mkono wake ulinifundisha mimi, na kalamu yangu ilimsaidia yeye. Alipita ngazi ya III. Cheti kiko ukutani nyuma ya cherehani, kwenye fremu ya kioo, na sasa anajitayarisha kwa ngazi ya II. Biashara nayo imesajiliwa.

Tangu kitundikwe nimekuwa nikitazama ni nani wanaokisoma. Majirani hawakitazami kabisa, wao huingia na kuanza kuvua viatu wapimwe. Wageni ndio husimama wakakisoma, kisha hukaa. Mwezi wa pili mwaka huu alikuja mwenye shule ndogo ya chekechea kutoka mtaa wa mbali. Alisoma cheti, akauliza juu ya karatasi za ushuru, akaonyeshwa. Kisha akageuza gauni lililokuwa likining'inia na kutazama ndani ya mshono. Alitazama vyote viwili, karatasi na ukingo, ndipo akatoa arbuni ya sare 40.

Ndugu msomaji, kutokana na hayo yote, naona heshima ya fundi ina miguu miwili. Mmoja ni kazi anayoifanya kwa wateja na jamii yake, ambayo huchukua miaka na haiwezi kununuliwa. Wa pili ni kutambuliwa rasmi, ambako huchukua muda mfupi zaidi lakini hufungua milango ambayo majirani hawana ufunguo wake. Mwenye cheti bila kazi ni kama yule aliyekuja na marobota akitafuta wa kumshonea. Mwenye kazi bila cheti atashona jina la mwenzake.

Kwenu wanafunzi wenzangu nina maneno mawili. La kwanza, tuwape mafundi heshima yao. Wengi wetu ada zetu zimetoka kwenye vibanda hivyo, na bado ukiulizwa mzazi wako anafanya kazi gani unasema "biashara" kwa sauti ya chini. Sema fundi. La pili, kama una mzazi au jamaa mwenye ujuzi na hana karatasi, wewe unayejua kuandika kaa naye jioni moja. Mwulize afanyavyo, andika, mtafutie habari za mtihani. Kiswahili tunachojifunza katika chama hiki kina kazi hapo, maana nimeona jinsi kukipa kitu jina kunavyoweza kumfikisha mtu mbali.

Na kwa walimu wetu ninaowaheshimu, shule yetu hununua madawati, mapazia na majoho ya kwaya. Mkiletewa faili, tafadhali iombeni na kazi yenyewe, muigeuze mtazame ndani. Na mkiletewa kazi nzuri isiyo na faili, mwelekezeni huyo fundi pa kuipata kabla ya kumfungia mlango.

Nawatakia nyote masomo mema na mitihani yenye heri.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu